Je, Wajua? Fulana Isiyokuwapo Hadi Inunuliwe

Ukifungua leo maduka ya mtandaoni kama Zazzle, Redbubble au CafePress, utakuta mamilioni ya vikombe, fulana, mito na mapazia ya bafuni yenye michoro ya kila namna, na karibu bidhaa zote hizo hazipo. Unachokiona ni mchoro uliobandikwa kwa kompyuta juu ya picha ya kikombe cheupe. Kikombe chenyewe huchapwa mteja akishalipa, na mara nyingi huwa ameongeza jina lake au tarehe ya harusi yake kabla ya kuagiza. Mchoraji hana stoo, hana mashine, wala hajui mteja anaishi wapi. Alichonacho ni faili la kompyuta na haki juu ya faili hilo, basi. Wanaoipigia debe biashara hii kuwa ni pesa za usingizini huisahau hiyo haki, ilhali imegombaniwa kwa zaidi ya miaka 500.

Je, wajua kwamba Albrecht Dürer, mchoraji mashuhuri wa Ujerumani, alikuwa na mchuuzi wake wa mkataba? Mwaka 1497 alikubaliana na mtu aliyeitwa Contz Sweytzer azungushe chapa zake mji kwa mji na kuziuza kwa bei nzuri kadiri atakavyoweza. Agnes, mke wa Dürer, naye alikuwa akiziuza kwenye soko kuu la Frankfurt. Mwaka 1509 Dürer alimwandikia tajiri mmoja aliyemwagiza mchoro mkubwa wa rangi, akalalamika kwamba kazi hiyo inamla muda mwingi kwa malipo haba. Alisema lau angeshikilia kuchonga chapa tu, angekuwa tajiri zaidi kwa florini 1,000. Mchoro mmoja wa rangi huuzwa mara moja. Chapa huuzwa kila unapoirudia.

Lakini kinachorudiwa kwa urahisi huibwa kwa urahisi. Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, anasimulia kwamba kule Venice mchongaji Marcantonio Raimondi alinakili kazi za Dürer pamoja na alama yake ya herufi A na D. Dürer akapeleka malalamiko kwa wakuu wa mji. Alichoambulia ni amri kwamba mwigaji asiitumie ile alama. Michoro yenyewe aliruhusiwa kuendelea nayo.

Msomaji wa pwani ataikumbuka alama ya namna hiyo bila kwenda mbali. Kanga za duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, maarufu kwa jina la Abdulla, lililoanza karne ya 19, zilijulikana kwa maneno “Mali ya Abdulla”. Kanga za zama hizo zilichapwa mbali, nyingi Uholanzi, baadaye India na Japani, na ziliagizwa kwa marobota kabla ya mnunuzi hata mmoja kuonekana. Jina la mwenye duka lilikaa kwenye pindo. Jina la aliyechora ua la katikati halikukaa popote.

William Hogarth wa London hakukubali kuishia alipoishia Dürer. Alipochora picha nane za kijana anayeponda mali ya urithi hadi akaishia kwenye nyumba ya vichaa, wezi wa kazi walituma watu nyumbani kwake wajifanye wateja, wazitazame picha, kisha waende kuzichora upya kwa kumbukumbu. Yeye na wenzake wakalishawishi Bunge litunge sheria ya kuwalinda wachongaji kwa miaka 14 tangu kazi itolewe. Chapa zake zilikuwa karibu tayari, akazizuia kwa makusudi hadi sheria ianze kazi tarehe 25 Juni 1735. Hakimiliki nyingi za picha zinazotajwa leo katika masharti ya maduka ya mtandaoni zina nasaba na siku hiyo.

Asiyejilinda huishia kama mchoraji Harvey Ball. Mwaka 1963 kampuni ya bima ya Worcester, Massachusetts, ilimwomba achore kitu cha kuwachangamsha wafanyakazi. Akachora uso wa manjano unaotabasamu, akalipwa dola 45, na hakuusajili. Miaka ya 1970 Mfaransa Franklin Loufrani aliusajili wa kwake nchini Ufaransa, na hadi leo familia yake inaendesha kampuni kubwa ya kuuza leseni za tabasamu. Milton Glaser, aliyebuni nembo ya mapenzi ya New York yenye moyo mwekundu mwaka 1976 akiwa ndani ya teksi, aliitoa bure kwa jimbo kwa hiari yake. Tofauti ni hiyo: huyu alijua anatoa nini.

Kabla ya teknolojia ya kuchapa kwa oda, mfanyabiashara wa fulana alilazimika kubahatisha. Hadi sasa katika fainali ya soka ya Kimarekani fulana za ubingwa huchapwa kwa timu zote mbili ili ziuzwe dakika ileile mchezo unapokwisha. Za walioshindwa huenda wapi? Mwaka 2011 Pittsburgh Steelers walifungwa, na fulana zilizowatangaza mabingwa zilisafirishwa na shirika la World Vision hadi Zambia, Armenia, Nicaragua na Romania. Kwa hiyo ukikuta kwenye mitumba fulana ya ubingwa ambao vitabu vya michezo havina habari nao, usidhani macho yamekudanganya.

Kubahatisha huko kulipungua yalipokuja maduka ya kuchapa kwa oda: CafePress ilianza California mwaka 1999, Zazzle ikafuata mwaka 2005, na Redbubble ikazaliwa Melbourne mwaka 2006. Katikati yao ilitokea Threadless ya Chicago, mwaka 2000, iliyoanzishwa na vijana wawili kwa dola 1,000. Hao walikuwa na ujanja wao: watu wapige kura kwanza, mchoro unaoshinda ndio uchapwe.

Je, wajua kwamba wino wa vikombe vya maduka haya hugeuka kuwa hewa? Mwaka 1957 Noël de Plasse, mtaalamu wa viwanda vya nguo vya Roubaix, Ufaransa, aligundua kwamba rangi fulani zikipashwa joto la karibu nyuzi 200 hupanda kama mvuke bila kuyeyuka kwanza, zikapenya ndani ya poliesta na kunasa humo. Pamba haizipokei. Kikombe cha udongo nacho hakizipokei, ndiyo maana vikombe vya kazi hii huja vimepakwa utando mwembamba wa plastiki. Njia hii haina rangi nyeupe kabisa: nyeupe unayoiona ni ya kikombe chenyewe. Mafundi wa Kariakoo na River Road wanaijua habari hii vizuri, ndiyo maana ukiwapelekea fulana nyeusi ya pamba watakushauri njia nyingine.

Fulana nyeusi huchapwa kwa mashine inayorusha matone ya wino moja kwa moja juu ya kitambaa. Kwanza kitambaa hupuliziwa dawa, kisha hulazwa tabaka la wino mweupe, na juu yake ndipo rangi nyingine hukaa. Weupe huo hutoka kwenye dioksidi ya titani, chembe nzito zinazotuama chini ya chupa, kwa hiyo wino mweupe lazima uchanganywe na kuzungushwa kila mara. Mashine ikilala siku nyingi bila kazi, mirija yake huziba.

Faili nalo lina masharti. Amazon hutaka mchoro wa fulana uwe na pikseli 4,500 kwa 5,400, yaani inchi 15 kwa 18, nukta 300 katika kila inchi. Picha iliyopita WhatsApp na kubanwa ikachapwa kwa ukubwa huo itatoka kama imejengwa kwa matofali.

Kwa kuwa kuweka bidhaa isiyokuwapo hakugharimu kitu, kuna walioiachia kompyuta kazi yote. Kisa chao kinaanzia mbali. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilichapa mabango karibu milioni mbili na nusu ya kuwataka raia watulie na waendelee na shughuli zao wakati wa vita. Karibu yote yakaharibiwa bila kubandikwa. Mwaka 2000 wenye duka la vitabu vya mitumba huko Alnwick walikuta nakala moja ndani ya sanduku, na kwa kuwa hakimiliki ilikuwa imekwisha, dunia nzima ikaanza kuiga. Kampuni ya Solid Gold Bomb iliandika programu ya kubadilisha kitenzi katika maneno ya bango hilo kutoka kwenye orodha ya maneno, ikatandaza Amazon mamia ya maelfu ya fulana ambazo hakuna binadamu aliyezisoma. Mwezi Machi 2013 watu waliona miongoni mwazo fulana iliyohimiza ubakaji. Haikuwa imeshonwa wala kuchapwa, lakini hasira zilikuwa za kweli, na kampuni ikafungwa mwaka huohuo.

Wakati mwingine ujinga wa mtandao huleta heri. Mwaka 2008 mteja mmoja wa Amazon aliisifia kwa mzaha fulana ya mbwamwitu watatu wakiulilia mwezi, kana kwamba ina nguvu za kuvuta wanawake. Wengine wakaongeza chumvi zao, na kufikia Mei 2009 fulana hiyo ya kampuni The Mountain ya New Hampshire ilikuwa juu kabisa katika mauzo ya nguo. Idara ya uchumi ya jimbo hilo iliifanya kuwa fulana yake rasmi. Mbinu hiyo hakuna mchoraji anayeweza kuipanga.

Na wajua bei ya kumchora Pikachu wa Pokémon bila ruhusa? Mwaka 2017 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Redbubble ilivunja haki za kampuni ya Pokémon kwa bidhaa zilizowekwa na watumiaji wake. Fidia ilikuwa dola 1. Gharama za kesi ndizo zilizouma. Anayetaka kutumia kazi za wakubwa kwa amani aende Rijksmuseum ya Amsterdam, ambayo tangu 2012 imefungua hazina ya picha za ubora wa juu za michoro isiyo tena na hakimiliki, Rembrandt akiwamo, na inaruhusu hata kuziuza juu ya vikombe.

La mwisho linamhusu mchoraji wa Arusha, Kampala au Kisumu. Mrabaha unaotokana na mauzo ya Marekani huhesabiwa kuwa mapato ya huko, na asiye mkazi hukatwa asilimia 30 isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani. Kenya, Tanzania na Uganda hazina. Kwenye duka kama Amazon, mrabaha wa dola 2 hubaki dola 1 na senti 40 kabla ya makato ya kuhamisha pesa. Fomu ya kodi hiyo inaitwa W-8BEN, na ukishaijaza hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu unaofuata, kisha unaijaza tena.