Mafuta ya ndevu: Soma kilichomo kabla ya kulipia katoni

WAFANYABIASHARA wengi wa vipodozi huchagua mafuta ya ndevu kwa pua. Anafungua chupa, ananusa, anatazama picha ya bwana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, kisha anauliza bei ya katoni. Mteja naye akifika dukani hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana chupa ya kwanza hutoka haraka na ya pili hukaa. Mteja aliyetokwa na vipele kidevuni harudi, na kinyozi aliyemwelekeza kwako hamleti mwingine.

Mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kununua katoni ya chupa za mililita 30 kwa muuzaji mmoja wa jumla Kariakoo. Baada ya miezi michache chupa zilizobaki zilikuwa zikinuka kama mafuta ya kukaangia yaliyolala, na muuzaji alisema mali ikishatoka haipokelewi tena. Kosa lilikuwa pia la mnunuzi. Lebo ilionyesha kwamba kilichozidi ndani ni alizeti, na haikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Alizeti ni mafuta mazuri na mepesi, lakini huchacha upesi yakipata joto, hewa na mwanga, na chupa zile zilikuwa nyeupe, zimepangwa dirishani.

Mfanyabiashara ajizoeze basi kusoma majina ya Kilatini yaliyoandikwa nyuma ya chupa. Utaratibu wa kawaida ni kwamba kilichomo kwa wingi hutajwa kwanza. Cocos nucifera ni nazi, Ricinus communis ni nyonyo, Sesamum indicum ni ufuta, Helianthus annuus ni alizeti, Simmondsia chinensis ni jojoba, Argania spinosa ni argan ya Moroko. Paraffinum liquidum ni mafuta yatokanayo na petroli, yaliyosafishwa kwa ajili ya vipodozi. Chupa ikiandikwa ARGAN kwa herufi kubwa mbele, halafu nyuma argan ikawa ya sita baada ya manukato, ujue unalipia jina.

Sasa tuangalie kidevu cha mteja. Wateja wetu wengi wana ndevu za kipilipili. Zikinyolewa karibu sana na ngozi, ncha hubaki kali, hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, na hapo ndipo vipele vya kunyolea hutokea. Hakuna mafuta yanayotibu hali hiyo. Kinachosaidia ni kuacha ndevu zirefuke kidogo, au kunyoa kwa mashine bila kukwangua. Mafuta mazito juu ya vipele huweza kuziba vinyweleo na kuongeza tatizo. Mteja wa namna hii, na yule ambaye uso wake hung'aa mafuta kufikia saa sita mchana, umpe mafuta mepesi: jojoba kama mfuko unaruhusu, au alizeti iliyosafishwa. Jojoba kwa kweli si mafuta bali ni nta iliyo kimiminika, inayokaribiana na mafuta ya asili ya ngozi ya binadamu, na hukaa muda mrefu bila kuchacha. Bei yake ni kubwa, lakini hasara ya rafuni ni ndogo.

Nazi ni habari nyingine. Pwani tumekua nayo na hulainisha nywele vizuri sana. Kwa ngozi kavu na ndevu ndefu ngumu inafaa. Kwa ngozi yenye chunusi, mshauri mteja aiache. Kuna jambo jingine linalomhusu msafirishaji: mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Sentigredi. Mzigo uliokuwa maji Dar es Salaam utafika Mbeya au Njombe mwezi Juni ukiwa mgumu ndani ya chupa, na mpokeaji atadai umemtumia mali mbovu. Mwambie mapema kwamba haujaharibika.

Nyonyo ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi kuliko zote. Wanaoiuza huahidi kwamba itaotesha ndevu pasipo na ndevu. Hakuna ushahidi wa kitaalamu wa kutegemewa kwamba inafanya hivyo, na mteja wa miaka 19 aliyeahidiwa ndevu kwa mwezi mmoja atarudi kudai fedha zake. Nyonyo ni nzito, hung'arisha na kushika nywele mahali pake. Ichanganywe kidogo na mafuta mepesi ya mimea. Aliyejaribu kuichanganya na mafuta ya petroli ameona yanavyojitenga.

Mafuta ya petroli yenyewe yamesemwa vibaya kupita kiasi. Yaliyosafishwa kwa vipodozi hayachachi, ni rahisi kwa bei, na kwa mwenye mba wa ndevu yana nafuu yake, kwa kuwa fangasi wanaohusika na mba hujilisha asidi za mafuta, ambazo mafuta mengi ya mimea yanazo. Muuzaji mkweli anaweza kuyauza bila aibu, mradi asiyaite argan.

Hatari kubwa zaidi imo katika manukato. Karafuu ni yetu, na Pemba kuna kiwanda cha kukamua mafuta yake huko Wawi, Chake Chake. Lakini mafuta ya karafuu huwasha na hata kuunguza ngozi yakizidi. Kipimo cha tahadhari kwa manukato ya mimea usoni ni asilimia 1, yaani matone 6 hivi katika chupa ya mililita 30, na kwa karafuu upunguze zaidi. Ukiuziwa mafuta ya karafuu, dondoshea tone katika glasi ya maji: halisi huzama, yaliyoongezwa mafuta ya kupikia huelekea kuelea. Mafuta ya ganda la limau nayo yaepukwe na anayeshinda juani, maana mengine hufanya ngozi iungue. Kabla ya kupaka usoni, mteja ajaribu kidogo ndani ya kiwiko na kusubiri siku moja au mbili.

Wanaofikiria kutengeneza yao wenyewe wapige hesabu hivi. Lita moja hutoa chupa 33 za mililita 30. Chukulia lita imekugharimu shilingi 12,000: mafuta ya chupa moja hayafiki hata shilingi 400. Mtaji utakwenda kwenye chupa za rangi ya kahawia, vifuniko vya kudondoshea, lebo na usajili. Kwa Tanzania Bara vipodozi husimamiwa na TBS tangu mwaka 2019, kabla ya hapo vilikuwa chini ya TFDA. Mwenye kuuza Zanzibar aulize ZFDA. Alizeti nzuri utaipata Singida na ufuta Lindi na Mtwara. Nunua kwa msimu, kiasi cha kuuza ndani ya miezi mitatu, uandike tarehe kwenye kila chupa, na sanduku likae kivulini nyuma ya duka.