Vifo Vinavyohama Safu

Mradi wa afya ya uzazi ukifika ukingoni, ripoti yake hujaa idadi: wakunga waliofunzwa, vitanda vilivyonunuliwa, akina mama waliojifungulia kituoni. Nani alitoka hai, mara nyingi haisemi.

Chukua utafiti wa BetterBirth uliofanyika Uttar Pradesh, India, kuanzia 2014 hadi 2016. Katika nusu ya vituo 120, wahudumu walipewa orodha ya hatua za uzazi salama iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, na mtu wa kuwaelekeza kazini. Baada ya miezi miwili walikuwa wakitekeleza asilimia 73 ya hatua zilizopimwa. Wenzao wasio na orodha, asilimia 42. Tathmini ingeishia hapo, mradi ungepigiwa vigelegele. Watafiti wakawafuatilia akina mama zaidi ya 150,000 na watoto wao kwa siku saba. Vifo vya mama au mtoto, pamoja na madhara makubwa kwa mama: asilimia 15.1 upande wa orodha, 15.3 upande wa pili. Yaani hakuna tofauti.

Hata kuhesabu vifo kuna mtego wake. Usiku, mkunga yuko peke yake, wajawazito watatu wana uchungu. Mtoto anazaliwa halii, hapumui, na moyo unapiga kwa udhaifu usiosikika upesi. Anaandikwa amezaliwa mfu, ingawa ngozi yake haijachubuka, dalili kwamba muda mfupi uliopita pengine alikuwa hai. Mfundishe mkunga huyo kutumia ambu, kifaa cha kumpulizia mtoto hewa, ndani ya dakika ya kwanza: baadhi ya watoto wa namna hiyo watapona, wengine watapumua kisha wafariki baada ya saa chache. Hao wa mwisho sasa wanaingia safu ya vifo vya wachanga, na anayesoma safu hiyo pekee ataona mradi umeua. Mimi husoma jumla ya safu zote mbili. Ripoti isiyo nayo naiweka kando.

Mradi wa Safer Births wa Tanzania, uliotoa matokeo 2025, ulizijumlisha. Katika vituo 30 vya mikoa mitano, wahudumu walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini kwao. Watoto waliofia tumboni wakati wa uchungu, pamoja na waliofariki ndani ya saa 24, walipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Ni kazi nzuri, ila mikoa haikulingana, na kipimo hicho hakimhesabu njiti anayefariki siku ya tatu.