Kiyoyozi cha Lori Kuukuu Wakati wa Kipupwe

Barabara itokayo Itigi kuelekea kusini, ikapita Mitundu na kuendelea Rungwa, Makongolosi na Chunya hata Mbeya, ni njia ya malori ambayo mengi yake yalikwisha kutumika miaka mingi katika nchi za watu kabla ya kuteremshwa bandarini Dar es Salaam: Fuso na Isuzu za Kijapani, Scania za Ulaya, kila moja ina kitufe cha kiyoyozi katika dashibodi yake, na aghalabu kitufe hicho ni pambo tu. Dereva akiulizwa habari yake hujibu kwamba gesi imekwisha. Na akiulizwa imekwishia wapi hana jawabu, kana kwamba gesi hiyo ni dizeli ichomwayo na injini. Hapo ndipo chanzo cha hasara nyingi, kwa kuwa gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiki. Huzunguka ndani ya mabomba miaka na dahari, mara majimaji mara mvuke, na ikipungua basi bila shaka pana mahali imetoroka. Kuongeza nyingine pasipo kupatafuta mahali hapo ni kulipa ili ipotee tena.

Wakati wa kupatafuta ni huu wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ambapo Mitundu, iliyoko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, huamka na baridi na kusi huvuma likibeba vumbi la barabara. Najua ya kuwa shauri hili litaonekana geni, maana nani atakaye ubaridi katika majira ambayo utingo hajitoi ndani ya koti? Lakini ni kwa sababu hiyohiyo kwamba kiyoyozi husahauliwa miezi mitatu mfululizo, na huko kusahauliwa ndiko kunakokiua: mafuta yalainishayo kompresa husafiri pamoja na gesi, na kompresa isipozungushwa, mpira uzibao shingo yake hukauka, ukapasuka, ukafungua njia ya gesi kutoka. Dakika kumi kila juma, hata asubuhi ya baridi, zatosha kuulinda mpira huo. Fauka ya hayo, lori lielekealo Mbeya hupanda milima ya baada ya Chunya, penye ukungu na zaidi ya mita 2,000 za kimo, na huko kiyoyozi si anasa bali ni usalama, kwa kuwa hukausha hewa ya ndani na kioo cha mbele kikaacha kufunikwa na mvuke wa pumzi za watu.

Tabia ya chombo chenyewe ni nyepesi kuifahamu. Kompresa, izungushwayo na mkanda wa injini, huikandamiza gesi ikawa moto. Gesi hiyo hupita katika kondensa, ile rejeta ya pili iliyo nyuma ya shoo ya mbele, ikapozwa na upepo hata ikawa majimaji. Kisha hupenyezwa katika tundu jembamba la valvu na kuingia evaporeta iliyo chini ya dashibodi, ambako hugeuka mvuke tena kwa ghafula, na katika kugeuka huko huinyang'anya hewa ya ndani joto lake.

Sasa, katika majira ya baridi geji husema maneno mengine. Lori likiwa limezimwa usiku kucha na gesi ya R134a imo ya kutosha, geji husoma kadiri ya paundi 45 hewa ikiwa nyuzi 10, paundi 68 ikiwa nyuzi 20, na karibu paundi 97 ikiwa nyuzi 30. Mtu aliyezoea kusoma geji mwezi wa Oktoba akiisoma alfajiri ya Julai atadhani mabomba ni matupu, naye ataongeza gesi isiyohitajika, na joto litakaporudi kompresa itaelemewa. Kwa upande mwingine, vitabu vya mafundi wa Ulaya na Marekani husema kwamba wakati wa baridi klachi ya kompresa yaweza kukataa kushika bila kuwapo ubovu wowote, kwa sababu swichi ya ulinzi hukata umeme kanieneo ikishuka karibu na paundi 30. Hayo ni kweli huko kwenye theluji, ambako gesi kamili husoma chini ya hapo. Mitundu si kweli: baridi yetu haifiki kiasi cha kuiangusha gesi kamili mpaka paundi 30, kwa hiyo klachi ikikataa asubuhi ya Julai, dereva asitoe udhuru wa hali ya hewa. Ama gesi imepungua, ama umeme haufiki.

Umeme ndio wa kuanzia, kwa kuwa hauna gharama. Fyuzi na rilei hukaguliwa kwanza, kisha waya wa klachi hupimwa kwa tasta hali kitufe kimewashwa. Malori makubwa hutumia volti 24, na nimekwisha kuona klachi ya volti 12 iliyotolewa katika gari dogo ikafungwa katika lori kwa kuwa matundu ya bolti yalilingana. Klachi hiyo huungua. Baada ya umeme hufuata mkanda, kisha vumbi, na vumbi la njia hii ni adui mkubwa kuliko umri. Kondensa iliyozibwa haiwezi kupoa, basi na ioshwe kwa maji ya mpira yatokayo taratibu, kutoka upande wa injini kuelekea nje, pasipo mashine ya shinikizo kali ambayo huyalaza mapezi yake. Chujio la hewa ya ndani litolewe na kukung'utwa, au libadilishwe. Nao mpira mdogo utoao maji ya evaporeta uzibuliwe, maana ndio ukiziba miguu ya utingo hulowa na watu wakadhani rejeta imetoboka.

Ila vumbi hilohilo ni shahidi mwaminifu. Mahali gesi inapotoroka, mafuta hutoka nayo, na vumbi hunata juu ya mafuta. Kwa hiyo atazamaye mabomba kabla hayajaoshwa ataona doa jeusi lenye unyevu kwenye kiungo, kwenye shingo ya kompresa, au katika pembe ya kondensa iliyopigwa na changarawe. Povu la sabuni huthibitisha. Mara nyingi kosa ni pete ya mpira ya thamani ndogo, ambayo mwenye lori aweza kuibadili mwenyewe gesi ikiwa imekwisha kuondolewa na fundi mwenye mashine ya kuivuta, na pete mpya ipakwe mafuta ya kompresa kabla ya kuvishwa.

Katika kujaribu kama tundu limezibwa, natoa hadhari moja kwa ukali. Gereji zetu zina mitungi ya oksijeni ya kuchomelea, na kuna wajao kushawishika kuijaza katika mabomba ya kiyoyozi. Oksijeni yenye kanieneo ikikutana na mafuta hulipuka, na imeua mafundi. Upepo wa kujazia matairi nao hubeba unyevu. Kinachofaa ni naitrojeni kavu yenye regyuleta, ikaachwa ndani usiku mmoja. Hapa pia baridi hudanganya: paundi 150 zilizotiwa alasiri ya nyuzi 28 zitapungua paundi nane au tisa kufikia alfajiri ya nyuzi 12, pasipo kuvuja hata chembe. Geji na isomwe tena mchana, joto likilingana na la jana.

Kazi iliyobaki ni ya fundi mwenye pampu ya kuvuta hewa, na mwenye lori asimame karibu ashuhudie. Pampu huondoa hewa na unyevu. Unyevu hutoka kwa kugeuka mvuke, na mabomba yakiwa baridi hautoki kwa wepesi, hivyo kazi hiyo ifanywe adhuhuri, kwa muda usiopungua nusu saa. Geji isipofika inchi 30 zilizoandikwa kitabuni, fundi asilaumiwe, maana kitabu kiliandikwa kwa watu wa pwani. Kwa kimo cha Mitundu ukomo ni takriban inchi 26. Drayeri, yaani chujio la kunyonya unyevu, ibadilishwe ikiwa mabomba yalikaa wazi. Gesi ipimwe kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa katika kibandiko cha lori, mtungi ukiwa wima. Ukiwa baridi mno hata gesi haishuki, na uwekwe katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, si juu ya jiko kamwe.

Lililo zito mwisho ni aina ya gesi. Malori yaliyoundwa kabla ya miaka ya mwanzo ya 1990 yalitumia R12, ambayo wanasayansi Molina na Rowland walionya mwaka 1974 kwamba ilikuwa ikiila tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaiwekea mwisho. Nchi zinazoendelea ziliiacha mwaka 2010. Atakayetia R134a katika mfumo wa R12 pasipo kubadili mafuta, pete na drayeri ataiua kompresa. Na atakayetia gesi ya kupikia, kama wafanyavyo baadhi kwa ajili ya urahisi, ameweka moto mbele ya miguu yake na ya utingo wake.

Msomaji mwenye lori, usiondoke gereji kabla fundi hajakuandikia katika kibandiko gesi gani imetiwa, gramu ngapi, mafuta gani na tarehe gani. Kibandike karibu na kompresa, kwa kuwa fundi atakayelifungua lori hilo mara ya pili huenda yuko Chunya au Tabora, wala hatakuwa na mtu wa kumwuliza.