Dhahabu ya Geita na Miti ya Shinyanga

Wanachama wengi, wakishauza karafuu na kulipa madeni, huenda kwa sonara. Si jambo la kuonea haya, maana bangili ya mke na kidani cha binti ndiyo benki ya wazee wetu. Ila ni wachache wanaouliza ile dhahabu imepita mikono gani. Nyingi ya dhahabu ya Tanzania hutoka bara, kusini mwa Ziwa Viktoria, upande wa Geita na Shinyanga. Leo twapenda kueleza habari za nchi hiyo, kwa kuwa wenyeji wake wanaishi kwa ardhi na miti kama sisi.

Tuanze na miti. Wasukuma wa Shinyanga ni wafugaji na wakulima, na tangu zamani walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Mvua zikianza, sehemu ya malisho hufungwa, ng'ombe wasiingie, majani yakue na miti ichipue. Kiangazi kikishika, hufunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Kuni, asali, dawa na miti ya kujengea vilitoka humo humo.

Katika miaka ya 1920 Serikali ya wakati ule ilianza vita na mbung'o, mdudu aletaye malale kwa watu na maradhi ya nagana kwa ng'ombe. Bwana Swynnerton na wenzake walifanya utafiti wao Shinyanga, wakaona kwamba mbung'o hupenda kivuli cha vichaka, na watu wakaitwa kwa mamia kukata misitu. Elimu ile ilikuwa ya kweli: mbung'o alirudi nyuma na ng'ombe wakaongezeka. Lakini hesabu ilikuwa ya mdudu peke yake, mti haukuhesabiwa. Pamba ikafuata, nayo ikataka mashamba mapya. Kisha katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, mbali na mahame yao, na ngitili nyingi zikabaki hazina wa kuzilinda. Hata ikafika siku Shinyanga ikaitwa jangwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Mwanzoni wataalamu walikuja na vitalu na miche, mingi ya miti ya kigeni, na wananchi hawakuona faida kubwa. Mambo yaligeuka walipoulizwa wao wenyewe wanataka nini. Walitaka ngitili. Na hapa ndipo penye sayansi nzuri kuliko ile ya vitalu: mashina na mizizi ya miti ya asili ilikuwa bado hai ardhini, ikingoja tu kuachwa bila ya moto na meno ya ng'ombe. Hekta za ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa kama 600 tu. Mradi ulipokwisha mwaka 2004 zilikadiriwa kupita 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mlinzi wake hakuwa polisi. Sheria zilitungwa katika dagashida, yaani baraza la wenyeji, mwenye kuvunja akatozwa faini, na sungusungu wakaangalia. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sasa twende Geita, kaskazini magharibi ya Shinyanga. Huko kuna mgodi mkubwa wa kampuni uliofunguliwa mwaka 2000, lakini leo tunawataja zaidi wachimbaji wadogo, ambao ni maelfu kwa maelfu. Wanachimba duara, yaani shimo la kuteremkia, na ili lisianguke hulishikiza kwa matimba, nayo ni magogo yanayokatwa katika misitu ya jirani. Kwa hiyo dhahabu hula miti kabla haijaonekana.

Mawe yakitoka husagwa katika karasha, unga ukaoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinamishwa, na mchanga mzito ukabaki. Mchanga huo hutiwa katika karai pamoja na zebaki, ile madini ya maji maji ing'aayo kama fedha, ikachanganywa, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki huikamata dhahabu, takataka zikabaki nje. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa motoni mpaka zebaki iruke kuwa mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu huchoma donge jikoni kwake, mkewe akisonga ugali na mtoto akiwa mgongoni, na hapana hata mmoja anayekohoa.

Madhara huja polepole: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua. Katika kijiji cha Rwamagasa, wilaya ya Geita, madaktari waliopima watu mwaka 2003 walikuta kwamba kiasi cha robo ya wale waliokuwa wakichoma madonge walikwisha sumika. Zebaki nyingine huenda na maji. Ikifika katika matope, vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki wadogo, na mkubwa alaye wadogo akakusanya ya wote. Huko Minamata, Japani, ambako maradhi haya yalitambuliwa rasmi mwaka 1956, sumu ilitoka kiwandani ikapita kwa samaki, na wako akina mama walioonekana wazima wakazaa watoto walioharibika. Tusitishane bure: vipimo vya samaki wa Ziwa Viktoria vilivyofanywa mwisho wa karne iliyopita vingi vilikuwa chini ya kiwango cha hatari. Aliye hatarini kwanza ni mchomaji na walio nyumbani mwake.

Kinga ipo, wala si ghali: chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba. Mvuke hupita katika bomba, hupoa, na zebaki hurudi majimaji, ikatumika tena. Basi kwa nini wengi hawakitumii? Wengine husema kinachelewesha. Wengine huogopa kwamba dhahabu itabaki ndani ya chungu wasiione. Lakini sababu nzito zaidi ni deni. Mara nyingi mnunuzi ndiye anayemkopesha mchimbaji zebaki, na kwa mkopo huo dhahabu huwa imekwisha uzwa kabla haijatoka ardhini. Wazee wetu waliokuwa wakiweka rehani karafuu zikiwa bado mtini, kabla ya sheria za madeni za miaka ya 1930, wangeitambua hali hiyo mara moja. Mtu mwenye deni hachagui chombo. Mwenye faida yuko mbali na moshi, na mwenye kuuvuta moshi hapati faida hiyo; kwa maoni yetu, swali hili ni la haki kabla halijawa la hospitali.

Mapatano ya Minamata yalikubaliwa na mataifa mwaka 2013, na Tanzania iliyaridhia mwaka 2020. Yanataka uchomaji wa madonge majumbani ukomeshwe, na pia desturi ya kutia sianidi katika marudio, yaani mchanga uliokwisha tumika wenye zebaki ndani yake. Mwezi wa Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa mjini Geita, ambapo mchimbaji aweza kupima na kuuza mbele ya macho ya watu, bila ya kumtegemea aliyemkopesha. Lakini hapajakuwa na dagashida ya zebaki. Kijiji kinachotoza faini kwa ng'ombe aliyeingia ngitilini bado hakimtozi kitu anayechoma donge karibu na watoto wa jirani, na wachimbaji wengi ni wageni waliofuata dhahabu, ambao kesho watahamia duara jingine, wakayaacha marudio yao kwa wenyeji.