Theluji Haba, Hatari si Haba

Mpwa wangu, mzaliwa wa Marereni kama mimi, anafanya kazi katika hoteli moja milimani huko Austria. Juzi alinipigia simu akaniambia kwamba theluji ya kwanza ya msimu imeanguka, nayo ni haba, haifiki magotini. Jumapili angepanda mlima na wenzake. "Mjomba, hapa hakuna cha kuogopa," alisema.

Nilimkumbusha chumvi ya kwetu. Chumvi ya chenga iliyokauka haishikamani. Ukiilundika, huporomoka yenyewe. Theluji haba ya mwanzo wa msimu aghalabu hugeuka ikawa vivyo hivyo. Ardhi chini yake ina joto kidogo, hewa iliyo juu ni baridi kali, na tofauti hiyo huzifanya chembe zake kuwa kubwa na kukosa kushikana. Theluji mpya ikilala juu, imelala juu ya msingi wa chumvi. Hapo uzito wa mtu mmoja waweza kuliporomosha tabaka zima. Aliyefukiwa akifukuliwa katika dakika 10 za mwanzo ana matumaini makubwa ya kupona. Baada ya nusu saa, wanaopona ni wachache.

Mimi ni mwanaisimu, si mpanda milima, na kilichonishtua zaidi ni neno. Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya hutangaza hatari hiyo kwa madaraja 5. Tangazo la siku hiyo lilikuwa daraja la 3, na mpwa wangu, kwa kuwa 3 iko katikati, alilifasiri "wastani". Katika Kiswahili chetu, jambo la wastani halimkoseshi mtu usingizi. Kumbe neno la Kijerumani lililotumika lamaanisha hatari kubwa, na daraja hilo ndilo liuwalo watu wengi zaidi. Likitangazwa la 5, watu hukaa majumbani.

Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai, aliuona weupe kileleni mwa Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita "baridi" tu. Hakuwa na jina la theluji, lakini alilitaja lile liwezalo kumdhuru mtu.

Wafasiri wa matangazo ya hatari, yawe ya theluji ugenini au ya mafuriko ya Sabaki hapa kwetu, na wamfuate kiongozi yule. Tangazo la hatari halifasiriwi kwa kuhesabu madaraja, bali kwa kuuliza msikilizaji atafanya nini akilisikia.

Mpwa wangu amelifasiri upya. Jumapili atabaki hotelini.