Likizo na wadogo zako: Utawapeleka wapi Migori na Homa Bay?

Ukiwa kifungua mimba na umepata kibarua Nairobi, Desemba hukufikia mapema kuliko watu wengine. Hujakata hata tiketi ya basi la usiku, tayari kundi la WhatsApp la familia linauliza: "Tutatoka lini?" Kutoka kwenyewe hakuna anayekataa. Vita ni kwenda wapi.

Kwetu ni Rongo, kaunti ya Migori, na nina wadogo watatu. Dada yangu ana miaka 15, ndiyo kwanza amemaliza Gredi ya 9, na Januari anaingia sekondari pevu, bweni. Kaka yangu ana miaka tisa na maswali yake hayaishi. Kitindamimba ana miaka minne na huhitaji choo kila baada ya dakika ishirini, hasa mahali ambapo choo hakipo. Dada alituma video ya lile gurudumu kubwa la Two Rivers huku Nairobi. Kaka akataka kuona simba. Mdogo akataka kuogelea, na hata hajui kuogelea. Mama hakuomba kitu ila kimoja: safari hii watu warudi nyumbani wakiongea.

Alikuwa na sababu. Likizo ya Agosti niliwapeleka mahali fulani penye yale majumba ya plastiki yanayojazwa upepo, watoto wakaruke. Nilijiona nimemaliza. Wapi! Mdogo aliangukiwa na kijana mkubwa wa watu ndani ya dakika tano, akatoka analia, damu mdomoni. Dada alikataa hata kuvua viatu, ati yeye si mtoto, akakaa kwenye kiti akitazama simu saa tatu nzima. Kaka peke yake ndiye aliyefurahia, na hata yeye aligombana na mama tulipotaka kuondoka. Ndani ya matatu ya kurudi hakuna aliyemsemesha mwenzake. Pesa ilienda, na kilichobaki ni picha moja ambayo dada amegeuka upande.

Kwa hivyo Desemba nilijiambia nitachagua kwa akili. Dada akiingia bweni, sisi sote kuwa nyumbani kwa wakati mmoja itakuwa bahati, maana likizo yangu na yake hazitalingana tena.

Kwanza tukubaliane jambo moja: huku kwetu hakuna bustani ya michezo ya aina ile ya kwenye filamu. Hakuna Disneyland Migori, wala treni ya kupinduka hewani Homa Bay. Lakini bustani hizo kubwa zina ujanja ambao unaweza kuuiba bure. Kule Marekani, pale kwenye michezo ya kasi, huwa kuna kijiti cha kupimia kimo. Treni kadhaa za Disney, kwa mfano, hazimruhusu mtoto aliye chini ya sentimita 102. Sasa familia yenye mtoto mdogo hufanyaje? Mzazi mmoja hubaki naye chini, wengine wanapanda, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Hakuna anayelazimishwa kufurahia kitu kisicho cha umri wake, na hakuna anayekosa kwa sababu ya mwenzake. Agosti mimi nilifanya kinyume kabisa. Niliwatupa wote kwenye jumba moja la upepo nikakaa kunywa soda.

Basi nilichukua daftari nikaanza kupiga hesabu ya sehemu tulizo nazo.

Kaka alikuwa ashaamua: Ruma. Hifadhi ya Kitaifa ya Ruma iko bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, ukubwa wake kilomita 120 za mraba. Ilianza kama hifadhi ya wanyama mwaka 1966, ikawa mbuga ya kitaifa mwaka 1983. Sifa yake kuu ni yule swara mkubwa anayeitwa korongo, mwenye pembe zilizojikunja kwa nyuma na uso uliopakwa mweusi na mweupe kama mtu aliyevaa barakoa. Kenya nzima, hapa ndipo amebaki. Kuna twiga, nyati, na hata vifaru. Kwa mtoto wa miaka tisa, hiyo ni mbingu. Ila Ruma unaizunguka ndani ya gari, hushuki shuki ovyo, na nyasi zake ndefu hukulazimisha uwe na subira. Mtoto wa miaka minne hana subira. Atamwona twiga wa kwanza, atapiga kelele, twiga wa pili atamwangalia, wa tatu atakuwa amelala. Halafu lazima uwe na gari lako au la kukodi, na kiingilio hulipwa kwa eCitizen, kwa hivyo usifike langoni na noti mkononi.

Kitu kingine ni mbung'o. Lambwe ilijulikana miaka mingi kwa ugonjwa wa malale. Habari njema ni kwamba mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Kenya imefaulu kuuondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Hata hivyo mbung'o bado anauma, tena vizuri sana, na anapenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ukienda na watoto, wavalishe kaki au rangi nyingine hafifu, mikono mirefu. Jinzi ya buluu ya dada yako ibaki nyumbani, hata akinuna.

Yeye dada sikuwa na shaka naye. Angependa Rusinga. Unafika Mbita, unavuka daraja, uko kisiwani. Huko Kasawanga ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa hajatimiza miaka 39. Kaburi lake limejengewa jumba lenye umbo la risasi. Mtu wa miaka 15 akisimama pale akiambiwa kwamba huyu ndiye aliyepigania ndege za kuwapeleka wanafunzi wa Kenya vyuoni Marekani kuanzia 1959, na kwamba alikuwa kijana kushinda baadhi ya walimu wake, kuna kitu kinamgusa. Kisiwa hicho hicho ndicho Mary Leakey alikopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka takriban milioni 18 iliyopita. Ila kaburi ni kaburi. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka minne anyamaze kwa heshima ya marehemu kwa nusu saa. Mimi singeweza, na nimelea watatu hawa nusu nusu.

Mbita kuna feri ya kuvuka hadi Luanda K'Otieno, upande wa Siaya. Kwa maoni yangu hiyo feri ndiyo mchezo bora wa bembea tulio nao eneo hili lote: magari, mbuzi, akina mama wa samaki, upepo, na nchi kavu inayosogea polepole. Miaka minne anapenda, kumi na tano anapiga picha. Lakini ziwa lenyewe ni la kutazama, si la kuchezea. Maji ya kina kifupi ya ufukweni yana kichocho, na kuna viboko na mamba. Mdogo wangu na kuogelea kwake aliambiwa hapana kabla hata hajamaliza sentensi. Na ukipanda boti ndogo, hata ya kuzunguka tu, kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, yakiwemo ya saizi ya watoto. Hakuna ya watoto? Hampandi.

Simbi Nyaima nusura ishinde. Ni ziwa dogo la volkeno karibu na Kendu Bay, maji yake ya magadi, hayana samaki, na mara nyingi heroe huja kusimama humo kwa mguu mmoja. Lakini kinachowavuta watoto ni hadithi. Wazee wanasema palikuwa na kijiji, kijiji chenyewe kilikuwa kwenye sherehe, akaja ajuza mwenye njaa akafukuzwa kila mlango. Mama mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Ajuza akamwambia achukue watu wake aondoke. Usiku mvua ikanyesha, kijiji kikazama chote na ngoma zake. Jina lenyewe la Kijaluo linasema hivyo: kijiji kilichozama. Hapo kaka atauliza maswali mia, dada atajifanya hasikilizi huku anasikiliza, mdogo atatafuta ngoma majini. Tatizo ni kingo. Zinateremka hadi majini, na mtoto wa miaka minne anayetafuta ngoma ni mtoto wa kushikwa mkono muda wote. Nilihesabu watu wazima: mimi na mama, na mama ana goti baya. Nikapiga mstari, kwa huzuni.

Tukabaki na Thimlich Ohinga, na nakiri niliiweka mwisho kwa sababu nilidhani ni mawe tu.

Ni mawe kweli. Iko kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, kuta za mawe zilizopangwa bila simenti wala udongo, zenye urefu wa kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, na unene wa kama mita moja. Inakadiriwa zilijengwa karne ya 16. Familia na mifugo yao waliishi ndani, na jamii kadhaa zilipokezana makao hayo kabla ya watu kuhama. Jina lake ni la Kijaluo, maana yake msitu mnene wa kutisha. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Turathi za Dunia, ikawa ya saba kutoka Kenya, kwenye meza moja na Fort Jesus na mji wa kale wa Lamu. Sisi watu wa Migori tulio wengi tunapita Rongo kwenda Nairobi kila mwaka na hatujawahi kukanyaga hapo. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Tulikodi Probox ya jirani anayeijua njia, tukaondoka saa kumi na mbili unusu asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Mama alifunga chapati na mayai, nikabeba maji lita kumi. Dada nilimpa kazi siku moja kabla. Nilimwambia mimi sitaeleza chochote, yeye ndiye atakayemweleza kaka, kwa hivyo asome. Alinung'unika. Usiku nikaona taa ya simu yake hadi saa tano.

Milango ya Thimlich ilijengwa mifupi na myembamba makusudi, ili adui akija aingie ameinama, mmoja mmoja, kichwa mbele. Mimi niliinama. Mama aliinama akishika goti, akisema Mungu wangu. Dada aliinama akashika nywele zake. Kitindamimba alipita wima, mikono juu, kama malkia, halafu akageuka kututazama. "Nyinyi ni wakubwa sana," akasema. Akarudi, akapita tena. Nadhani alipita mara thelathini. Ile Agosti kila kitu kilikuwa kikubwa kumshinda.

Kaka alitaka kujua mbona ukuta hauanguki. Dada akachuchumaa akamwonyesha jinsi jiwe refu linavyolala kwa kupenya ndani ya ukuta na vidogo vinavyojaza nafasi katikati, akamwambia aguse kwa macho tu, asipande, kwa sababu jiwe moja likitoka mengine yanafuata. Nilimsikia akisema kwa sauti ya mwalimu. Sijui alijifunza wapi sauti hiyo. Kisha wakaanza kugawana boma: hapa ng'ombe, hapa mama anapika, hapa wewe unalinda. Mdogo alipewa kazi ya mlango. Mama akakaa chini ya mti na mimi nikakaa naye, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumbani aliniuliza kazi ya Nairobi inaendaje, akangoja jibu.

Sitakudanganya kwamba yote yalikuwa asali. Kufikia saa sita mdogo alikuwa amechoka, jua limempiga, akalilia bembea ambayo haikuwepo. Kama una mtoto wa chini ya miaka mitatu, mimi ningengoja. Na kama kijana wako hapendi kabisa mambo ya historia na hukumpa kazi yoyote ya kufanya, atarudi kwenye simu yake hapo hapo. Saa tatu zinatosha. Sisi tulikaa nne, na ile ya nne ndiyo iliyotuletea kilio.

Kwenye gari la kurudi mdogo alilala kabla hatujafika lami. Kaka na dada walibishana hadi Rongo kama watu wa zamani walitoka nje usiku kwenda haja au la, mama akicheka huko mbele hadi dereva naye akaingilia na jibu lake, ambalo siwezi kuliandika hapa.

Tukishusha sufuria, dada akanijia. "Na Rusinga je? Aprili nikirudi?"

Kabla sijajibu, mama akasema kutoka jikoni, "Alipe karo yako kwanza."