Kikombe cha Bibi: Jani Moja, Miili Tofauti

 

Kapkatet ni mji mdogo wa kaunti ya Kericho, kati ya Litein na Sotik, uliozungukwa na mashamba ya majani chai. Huko nilialikwa na familia moja yenye asili ya pwani, nikamkuta bibi yao, aliyepita miaka sabini, amelala mchana kutwa. Siku iliyotangulia magoti yalimuuma sana. Jirani alishauri bangi, na mjukuu, kwa huruma, akaichemsha pamoja na chai ya maziwa. Saa nzima ikapita bila nafuu, akaongezewa kikombe cha pili. Ilipoadhiniwa Magharibi, bibi alisimama, kichwa kikamzunguka, akaanguka. Alipoketi kuswali, hakujua amefika rakaa ya ngapi. Watu wa nyumbani wakanong'ona: huyu ana jini, au ndio uzee.

Halikuwa jini, wala si uzee peke yake. Ni jani lile, ndani ya mwili wenye umri ule.

Kinacholevya katika bangi ni kemikali iitwayo THC, ambayo wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga mwaka 1964. Tuipime kwa chai tunayoijua. Kafeini ya chai huyeyuka katika maji, na kwa mtu mzima mwenye afya nusu yake huwa imeondoka mwilini baada ya saa tano hivi. THC haiyeyuki vyema katika maji. Makao yake ni mafuta. Ndiyo maana maziwa yaliipokea. Ikiingia mwilini hujificha katika shahamu, kisha hurudi kwenye damu kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, na kwa mraibu hata wiki kadhaa.

Anayevuta hulevuka kwa dakika chache. Anayekunywa au kula hungoja, pengine saa moja hata mbili, kwa kuwa kitu hupita kwanza tumboni na kwenye ini. Ini nalo huigeuza THC kuwa kemikali nyingine yenye kulevya vilevile. Kikombe cha pili cha bibi kilikuja juu ya kile cha kwanza, ambacho kilikuwa bado kiko safarini.

Umri nao huongeza uzito. Mtu akizeeka, misuli na maji ya mwili hupungua na sehemu ya mafuta huzidi. Damu ipitayo kwenye ini hupungua, na mafigo hupunguza kasi. Kipimo ambacho kijana angekistahimili humkalia mzee muda mrefu na kwa nguvu zaidi. Bangi pia huweza kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, na mfupa wa mzee ukivunjika hauungi upesi. Tena ini hilohilo ndilo linaloshughulikia dawa zake nyingine. Viambato vya bangi huweza kulizuia lisiivunje warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mgonjwa akavuja damu.

Wala kijana asijidanganye kwamba yeye yu salama kwa kuwa ini lake lina nguvu. Ubongo wa mwanadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na THC hushika palepale panapojengwa kumbukumbu na uamuzi. Mtoto mchanga ndiye dhaifu zaidi: ini lake bado halijapevuka, na THC hupita katika maziwa ya mama, kwani nayo yana mafuta.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila kileweshacho ni haramu, na wanazuoni wakahesabu kuihifadhi akili miongoni mwa makusudio matano ya Sharia. Qur'ani, katika Surat An-Nahl, inatukumbusha kwamba wamo kati yetu wanaorudishwa kwenye umri wa udhaifu. Aliyefika huko ni amana mikononi mwetu.

Kilichonisikitisha zaidi si kikombe, bali ukimya. Bibi alipelekwa kwa daktari usiku uleule, na familia ilipoulizwa amekunywa nini, ikajibu: chai tu. Walichelea aibu, na walichelea sheria ya mwaka 1994 inayokataza bangi nchini. Bibi yule anatumia dawa za shinikizo la damu. Nilimwambia binti yake: "Mwanangu, kusitiri aibu ni jambo jema, lakini kumficha daktari kilichomo mwilini mwa mgonjwa si sitara." Alirudi akasema kweli, na dawa zikapangwa upya. Siku ya tatu bibi aliswali Alfajiri akihesabu rakaa zake mwenyewe.

Enyi kina mama, magoti ya wazee wetu yana dawa na yana madaktari. Waulizeni kabla ya kuinjika sufuria, na likishatokea la kutokea, semeni ukweli mapema.